Chafya ya Chepkirui

Vumilia alipoanza kazi ya kumwangalia Bibi Elle, kila asubuhi alikuwa akifuta kahawa. Bibi angeshika kikombe kwa mikono miwili, ainame kidogo kwa ajili ya nyonga yake iliyovunjika mwanzoni mwa majira ya baridi, na kabla hajanywa, tone moja au mawili yangedondoka kwenye jiwe bapa lililokaa kando ya jiko la umeme. Vumilia aliona ni mkono wa uzee unaotetemeka. Angechukua kitambaa, afute, kisha aendelee na mayai.

Mpaka siku moja Bibi Elle akamkamata mkono.

"Mbona unamnyang'anya kinywaji chake?" alimuuliza kwa Kiingereza chake kinachopanda na kushuka kama njia ya milimani.

"Nani, Bibi?"

"Sáráhkká."

Vumilia akageuka kuangalia. Jikoni hapakuwa na mtu mwingine, na mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa.

Bibi Elle akacheka, akamwambia akae. Alikuwa Msami, mtu wa taifa lile dogo la wafugaji na wavuvi wanaoishi juu kabisa ya Ulaya, kwenye barafu. Alitoka mji wa Karasjok akiwa msichana, ameolewa na mtaalamu wa majani ya malisho aliyekuja Marekani kufanya utafiti kule Beltsville. Mume alikwisha kufariki, mtoto hawakujaliwa, na sasa alikuwa peke yake katika nyumba kubwa ya Bowie yenye miti miwili uani. Alimweleza Vumilia kwamba kwa wazee wake, kila nyumba ina mama anayekaa chini ya meko. Ndiye anayewasaidia wanawake kujifungua, ndiye anayetunza moto, na cha kwanza kunywewa ndani ya nyumba ni chake.

"Hili si jiko la kuni," Bibi alisema akiigonga ile mashine nyeupe kwa kijiko, "lakini sidhani kama ananisusia kwa sababu ya umeme."

Vumilia alikikunja kitambaa chake. Alimkumbuka bibi yake mzaa mama kule Iringa, ambaye hakuwahi kuonja ulanzi, pombe ya mianzi, kabla ya kumwaga kidogo kizingitini, huku akitaja watu ambao Vumilia hakuwahi kuwaona.

"Kwetu hilo ni tambiko," alisema mwishowe. "Bibi yangu angekuelewa. Angekuuliza tu kwa nini unampa kidogo hivyo."

Tangu siku hiyo hakufuta tena. Na mazungumzo yakawa yamefunguka. Vumilia akajua kwamba Wasami wa zamani hawakumtaja dubu kwa jina lake wanapokwenda kumwinda. Walimwita babu mwenye koti la manyoya, asije akasikia. Naye akamweleza Bibi kwamba huko kwao jua likishazama nyoka haitwi nyoka, anaitwa kamba, kwa sababu hiyo hiyo. Bibi Elle alifurahi mno. Kwa wiki nzima, kila mpira wa kumwagilia bustani ulipoonyeshwa kwenye televisheni, alipiga kelele, "Vumilia, kamba!"

Mwezi wa pili ulipofika nusu, na jua likaanza kukawia angani, Bibi aliomba siagi.

"Ya mkate?"

"Ya mlango."

Kwao jua ni mama, linaitwa Beaivi. Baada ya majira yale marefu ya giza hutoka likiwa dhaifu kama mgonjwa aliyeamka na homa yake. Watu walipaka siagi kwenye miimo ya milango ili miale yake ikiigusa, jua lipate nguvu, lipande. Bibi Elle alikuwa akifanya hivyo kila mwaka, na mwaka huu nyonga haikumruhusu kunyoosha mkono juu. Vumilia akashika kisu, akapaka. Hakupaka kwa uchoyo. Alipaka kama anayemwandalia mkate mtoto aliyekonda.

Ilikuwa Jumapili. Saa chache baadaye, mlango ukagongwa.

Aliyegonga alikuwa Mutai, jirani wa ng'ambo ya barabara, Mkenya kutoka Bomet, karani wa ofisi ya kaunti na kiongozi wa kwaya katika kanisa lao. Alikuwa amevaa suti ya buluu iliyokoza na kushika kifurushi cha Bibi Elle kilichopelekwa kwake kimakosa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alimsalimu Vumilia, akampa kifurushi, na kwa uchovu akaegemea mwimo wa mlango kwa bega lake lote.

"Usi—!" Vumilia alisema, lakini alichelewa.

Mutai alijitazama. Bega, kiwiko, na sehemu ya mfuko wa koti vilikuwa vinang'aa.

"Dada, hii ni nini?"

"Ni siagi, kaka. Nisamehe. Ni ya jua."

"Ya nani?"

Wakamwingiza ndani, wakamvua koti, na wakati Vumilia akilisugua kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto, Bibi Elle alimweleza mgeni habari ya Beaivi kutoka kwenye kiti chake. Mutai alisikiliza kwa adabu ya mtu anayetaka kwenda nyumbani. Kisha mlango ukiwa bado wazi, ikasikika sauti ya mtoto kutoka ng'ambo, kilio kirefu, kikali, kisichovuta pumzi.

"Huyo ni wenu," Bibi Elle alisema. "Namsikia kila siku. Anaitwa nani?"

"Chepkirui. Maana yake ni msichana aliyezaliwa usiku, watu wakiwa wamelala."

"Na yeye hulala?"

Mutai alicheka kicheko kilichokauka. "Nyumba ile hakuna anayelala, nyanya. Daktari amempima kila mahali. Anasema mtoto ni mzima, anakua vizuri, tungoje tu."

Bibi Elle akatikisa kichwa polepole. "Hilo ulilonitajia ni jina la saa. Linasema alikuja lini, halisemi ni nani. Kwetu mtoto akilia hivyo na hana ugonjwa, wazee husema anaulizia jina lake."

Mutai, aliyekuwa akiitazama saa yake mkononi, aliinua kichwa. Akamgeukia Vumilia.

"Ni wewe umemwambia?"

"Nimwambie nini? Mimi ndiyo kwanza nasikia!"

"Mama yangu," Mutai alisema taratibu, "ameniambia maneno hayo hayo kwa simu. Neno kwa neno. Na Mama hajawahi kutoka Bomet isipokuwa kwenda Kericho."

Aliondoka bila koti.

Mkewe, Cherono, alikuwa muuguzi wa hospitali, yuko likizo ya uzazi, na alikwisha jaribu kila alichofundishwa na kila alichosoma kwenye simu. Alibadilisha maziwa. Alimpa dawa ya gesi. Alimfunga mtoto kwa shuka, akamfungua. Alimzungusha ndani ya gari mpaka Bladensburg, kando ya mto, na kurudi, na mtoto alilia kwenda na kurudi. Mutai alipomweleza yaliyotokea kwa jirani, kwanza alicheka kuhusu siagi mpaka akaketi chini.  Kesho yake akamfunga Chepkirui kifuani, akavuka barabara kwenda kulichukua koti, akakaa huko mpaka saa za mchana.

"Mama mkwe anataka tufanye kurenet," aliwaambia Vumilia na Bibi Elle. "Kumwitia majina. Sisi Wakipsigis, Wakalenjini wa Bomet, mtoto akizaliwa wanawake wazee wanakusanyika, wanaita majina ya waliokufa wa ukoo wa baba, moja moja. Wanamnusisha mtoto ugoro kidogo. Akipiga chafya kwa jina fulani, basi ni huyo aliyerudi, ni huyo atakayemlinda. Vigelegele vinapigwa. Lakini mimi nilizaa hospitalini. Wazee watatoka wapi hapa Bowie?"

Bibi Elle aliweka kikombe chini. "Chafya," alirudia, kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato ambayo hakujua ipo. "Sisi ilikuwa ndoto. Mwanamke akiwa mjamzito, ndugu aliyekufa alimjia ndotoni akamwomba jina. Na kama walikosea, mtoto akawa analia, anakonda, walimwogesha upya kwa maji yaliyochemshwa na magome ya mti fulani mwekundu, wakampa jina lingine. Maji ya Sáráhkká. Hata kama mchungaji alikwisha mbatiza."

"Ukiniambia wewe ni wa Kericho nitaamini," Cherono alisema. "Babu yangu alikuwa anatoka nje alfajiri, anaangalia jua likichomoza, anaomba. Asis, ndivyo tulivyomwita Mungu, na ndilo neno la jua. Alikuwa anatema mate kidogo upande ule. Mate ya baraka."

"Mate!" Bibi Elle alipiga makofi. "Sisi siagi, ninyi mate."

"Ya kwenu ni mazuri zaidi," alisema Vumilia kumwambia Cherono, akining'iniza koti la Mutai kwenye kiti. "Hayaharibu suti."

Walikubaliana kufanya Jumamosi asubuhi, wakati ambapo Bomet ingekuwa jioni na wanawake wametoka shambani. Bibi Elle aliomba wafanyie kwake, kwa kuwa hakuweza kupanda ngazi za nyumba ya Mutai. Kilichobaki kilikuwa Mutai mwenyewe.

"Mimi ni kiongozi wa kwaya," alimwambia mkewe wakati wa chakula. "Watu watasema naita mizimu."

"Utaita majina ya bibi zako. Picha ya mmoja iko pale ukutani, mbona humkimbii?"

"Cherono, kuna mambo tuliyaacha."

Akampigia mama yake ili amweleze hivyo hivyo. Mama yake, Kogo Chelagat, kama walivyomwita nyumbani, kogo maana yake bibi, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilibatizwa wewe hujazaliwa, na maji ya ubatizo hayakukauka siku ile nilipoita babu zako mpaka ukapiga chafya. Ulipiga kwa nguvu mbuzi wakaruka. Unataka nikuombe radhi kwa hilo?"

Mutai akaaga, akakata simu. Ijumaa alipotoka kazini alivuka barabara kumwambia Bibi Elle, kwa heshima, kwamba shughuli ile haitafanyika. Alimkuta akiwa kwenye kiti chake chenye ngozi ya kulungu, wale wa barafuni wanaofugwa kama ng'ombe, manyoya yake marefu ya kijivu yakianza kupukutika kwa uzee. Vumilia alikuwa akipika mchuzi.

Bibi Elle alimsikiliza, kisha akasema, "Baba yangu alikuwa mhubiri."

Mutai akakaa.

"Mhubiri mkali. Zamani za babu zake, wamisionari walikusanya ngoma zetu, zile walizopiga waganga wetu kuona mambo yaliyofichika, wakazichoma. Waliozificha walipigwa. Baba alikua akiamini kwamba kila wimbo wa zamani ni wa shetani. Hakuturuhusu kuimba hata tukiwa na kondoo. Nilimpenda. Nami nasali Baba Yetu kila usiku, kwa lugha yetu. Lakini mama yangu alimwaga kahawa motoni asubuhi na mapema, na baba alikuwa akigeuka kuvaa viatu mpaka amalize. Viatu vile vilichukua muda mrefu sana kuvaliwa."

Mutai alitazama sakafu. Baadaye alimwambia Cherono kwamba alimwona baba yake mwenyewe katika hadithi ile, akigeuka namna hiyo hiyo, akitafuta kofia ambayo iko kichwani.

"Nitakuja," alisema akisimama. "Lakini sitaita mimi. Nitabeba mtoto tu."

Jumamosi jua lilikuwa limejaa sebuleni kwa Bibi Elle. Simu ya Cherono iliegemezwa kwenye kopo la unga wa mahindi, na ndani yake alionekana Kogo Chelagat, kitambaa cha maua kichwani, na nyuma yake wanawake wanne au watano wakisukumana ili waonekane. Mutai alisimama amembeba binti yake aliyekuwa amekwisha anza kukunja uso. Vumilia alikuwa ameoka keki. Bibi Elle alivaa vazi la kwao, la buluu lenye mistari myekundu na ya njano, na bruchi ya fedha kifuani kubwa kama kisahani.

Ilizuka kwanza habari ya ugoro. Hapakuwa na ugoro. Vumilia akapendekeza pilipili manga, chembe tu.

"Mtoto wangu haingizwi pilipili puani," Cherono alisema. "Mimi ni muuguzi, jamani."

"Mweke karibu na dirisha," Kogo aliamuru kutoka Bomet. "Jua litamkuna pua."

Wakavuta kiti cha Bibi Elle dirishani, Bibi akiwa ndani yake, na Mutai akapiga magoti kando yake, kichwa cha mtoto kikiwa juu ya ile ngozi. Chepkirui aliacha kulia ili ayachunguze manyoya.

Kogo akaanza kuita. Sauti yake ilibadilika. Hakuwa akizungumza tena na simu. Aliita kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde.

"Tapsubei! Ni wewe? Tapsubei wa Longisa!"

Mtoto akatazama dari.

"Tabutany! Mama ya mama yangu mkwe, uliyefuga nyuki, ni wewe?"

Hakuna.

"Taprandich!"

Mtoto akapiga mwayo. Wanawake wa Bomet walinong'ona kwamba mwayo ni karibu, mwayo si mbaya. Kogo aliita majina mengine, na akarudia ya mwanzo, mara kwa upole, mara kwa kukaripia. Cherono alikuwa akimtafsiria Bibi Elle kila mmoja alikuwa nani: huyu alikuwa mrefu, huyu alimkimbia mumewe akarudi na ng'ombe wake mwenyewe. Halafu picha ikaganda, mdomo wa Kogo ukiwa wazi, na sauti ikakatika.

"Network ya Bomet," Mutai alisema, bado amepiga magoti. "Ikinyesha kidogo tu, imekwenda."

Wakangoja. Ili kujaza ule ukimya, Bibi Elle akaanza kuzungumza, akimtazama mtoto.

"Natamani shangazi yangu angewaona ninyi," alisema. "Alikuwa mkunga. Alikwenda kuzalisha wanawake kwenye kambi za wafugaji, peke yake, juu ya mbao za kutelezea theluji, kisu kiunoni na kahawa mfukoni. Hakuna mtoto wa Karasjok wa miaka ile ambaye hakupita mikononi mwake. Aliitwa Biret."

Chepkirui akapiga chafya.

Haikuwa chafya ya kichanga. Mwili mzima ulishtuka, miguu ikaruka, na unyoya mmoja wa kijivu ukapeperuka hewani. Na wakati ule ule picha ikarudi, na Kogo Chelagat akawa hapo, ameisikia.

"Nani?" alipaza sauti. "Mmemwita nani? Amepiga kwa nani?"

 Sebuleni walikuwa wanatazamana.

"Kwa Biret," Vumilia alisema mwishowe. "Shangazi ya Bibi Elle."

Vigelegele vilikwisha anza Bomet, kwa sababu wanawake wa nyuma walisikia chafya tu, hawakusikia maelezo. Ilichukua muda kuwanyamazisha.

"Hiyo haihesabiki," Mutai alisema. Aliona kwamba yeye, aliyekuwa hataki shughuli hii, sasa ndiye anayetetea sheria zake. "Mama, huyo si wa ukoo wetu. Si hata wa Afrika. Ni haya manyoya yamemwingia puani."

"Nami ningetumia ugoro," Kogo alijibu. "Ugoro nao ni wa ukoo wetu? Nyamaza. Mpeni simu huyo mama."

Ndivyo Kogo Chelagat na Bibi Elle walivyotazamana mara ya kwanza, Cherono akiwa katikati akivusha maneno. Kogo aliuliza kama anayehoji familia ya mchumba. Huyo Biret alikufa kwa ugonjwa gani? Kwa uzee, kitandani mwake. Alikuwa mwizi? La. Mchoyo? Wa sukari tu. Alipenda maziwa? Aliyapenda ya kulungu, mazito kama siagi. Alikuwa na watoto?

"Wa kuzaa, hapana," Bibi Elle alisema. "Jina lake lingekuja kwangu, nilimwahidi. Ningempa binti yangu." Alitengeneza bruchi yake, ambayo haikuwa imekaa vibaya. "Sikupata binti. Nikajua nitakufa na jina lile mdomoni."

Cherono alitafsiri taratibu. Kule Bomet wanawake waliacha kusukumana.

Kogo alijitoa kwenye picha. Zikasikika sauti zikishauriana, kwa muda mrefu, moja ikipanda juu ya nyingine. Aliporudi, alisema, "Wenzangu wanasema tuwaite wa kwetu mara nyingine, tuone. Isije ikawa Tapsubei alikuwa njiani."

"Ni haki," alisema Bibi Elle.

Mutai akamwinua mtoto ili wamwite vizuri. Chepkirui alikuwa amelala. Kinywa kilikuwa wazi, ngumi zimefunguka, na pumzi yake ilikuwa ndefu na nzito, ya mtu mzima aliyetoka safari. Mutai alibaki vile alivyo, goti moja chini, hathubutu kunyanyuka. Cherono alifunika mdomo wake kwa mkono. Vumilia akazima redio ambayo haikuwa hata imewashwa.

Kogo aliukaribia uso wake kwenye simu mpaka likaonekana jicho moja. Akamtazama mjukuu wake.

"Basi," alinong'ona. "Amekwisha sema."

"Na Tapsubei?" Cherono alinong'ona naye.

"Tapsubei atangoja mtoto wa pili."

"Wa pili!" alisema Mutai, na wote wakamnyamazisha.

Lakini Kogo aliweka sharti moja. Mtu haondolewi nyumbani kwao bila wenye nyumba kujua. Ndugu wa Biret lazima waambiwe na wakubali. Bibi Elle alikuwa na kaka mmoja aliyebaki, Niillas, bado anaishi Karasjok. Walipigiana simu Krismasi tu, wakazungumza habari ya hali ya hewa. Alimpigia mchana ule ule, simu ikiwa mezani wote wasikie, na akamweleza kwa lugha yao. Vumilia aliyasikia maneno matatu tu aliyoyajua: Biret, Bowie, Kenya.

 Kisha Niillas akaanza kucheka, kicheko cha kukohoa, na dada yake akacheka naye, wakashindwa kuacha. Alipotulia aliuliza swali.

"Anauliza kama mtoto ana hasira," Bibi Elle alitafsiri.

"Mwambie ndiyo," Cherono alisema. "Nyingi."

"Anasema basi ni yeye."

Halafu Niillas alifanya jambo ambalo dada yake hakulitarajia. Akaanza kuimba. Haukuwa wimbo wenye beti. Ulikuwa wa sauti tupu, ukizunguka na kurudi, unashtuka hapa, unateleza pale, kama mtu anayeshuka mlima kwa kasi na kujishika. Bibi Elle alifumba macho. Uliitwa joik, aliwaeleza baadaye, na ule ulikuwa wa Biret. Joik haiimbi habari za mtu. Inamwimba mtu mwenyewe, na anayeimbwa anakuwa pale. Tangu alipoondoka kwao hakuwa ameisikia, na wala hakujua kwamba kaka yake, mwana wa mhubiri, ameitunza kichwani miaka yote hiyo.

Mutai, ambaye sikio lake lilikuwa la kwaya, aliinama karibu na simu. Mara ya tatu ile sauti ilipozunguka, alikuwa anaifuata chini chini, bila kujua kwamba anafanya hivyo.

Chepkirui alilala mpaka jioni. Wiki zilizofuata alilia kama watoto wanavyolia, kwa njaa, kwa nepi, kwa kuchoka, lakini kile kilio kirefu hakikurudi. Cherono alisema kwamba kwa umri ule gesi huwa inakwisha yenyewe. Kogo Chelagat alisema sawa, gesi, na akabadilisha mazungumzo. Hakuna aliyebishana na mwenzake. Wote walikuwa wanalala.

Siku ya kumpeleka mtoto kanisani abarikiwe, familia ilikaa mstari wa mbele, na Bibi Elle kati yao na vazi lake la buluu, amemshika Vumilia mkono. Mchungaji aliuliza jina. Mutai akavuta pumzi.

"Chepkirui Biret Mutai."

Mchungaji alilirudia bila shida, akamwombea mtoto, akambariki. Ni baada ya ibada, watu wakiwa kwenye chakula ukumbini, ndipo Mzee Nehemiah, aliyejua koo zote za Bonde la Ufa na kujivunia hilo, alipomsogelea Mutai na sahani yake.

"Hilo jina la katikati, Biret. Si la Kipsigis. Ni la wapi?"

"Karasjok," alisema Mutai.

Mzee alitafuna kidogo akifikiri. "Karasjok. Ni upande wa Nandi, ama Keiyo?"

"Ni juu zaidi, mzee."

"Juu ya Kapsowar?"

"Juu kabisa. Kule kwenye baridi."

"Aha," alisema Mzee Nehemiah, ameridhika. "Nilijua. Watu wa baridi ndio wanaopenda majina mafupi." Akaenda kuongeza nyama.

Pale mezani Vumilia alikuwa akimfundisha Bibi Elle kufinyanga tonge la ugali, na kila tonge lilikuwa likivunjika kabla ya kufika kwenye sukuma wiki. Simu ya Cherono ikalia. Ilikuwa Kogo Chelagat, na wanawake wake wote nyuma, na hawakutaka kumwona mtoto kwanza.

"Mwambie asimame," Kogo alisema. "Nguo ile siku ile sikuiona vizuri. Mwambie asimame ageuke, tuone mgongo."

Bibi Elle alipangusa vidole, akashika ukingo wa meza, akainuka kwa shida na fahari. Akageuka taratibu katikati ya ukumbi, mistari myekundu ikizunguka naye, na kutoka Bomet vigelegele vikapasua ile simu ndogo mpaka Chepkirui akaamka.